Swali Linapowatenganisha Walio Sawa

Matokeo ya mtihani wa utamilifu wa darasa la saba yakifika wilayani, huchambuliwa kwa shule: ipi imeongoza, ipi imeburuza mkia. Ni wachache wanaoyachambua swali kwa swali, na wachache zaidi wanaouliza kama swali lile lile liliwatendea haki watoto wa namna mbili. Mwongozo huu ni wako wewe uliye kwenye jopo la utunzi, au mtaaluma wa shule, au afisa elimu mwenye majibu ya watahiniwa kwenye kompyuta. Utakuonyesha namna ya kulitambua swali lenye mwenendo tofauti, na zaidi ya hapo, namna ya kutafuta sababu yake. Kulitambua ni hesabu ya mchana mmoja. Sababu ndiyo kazi, na ndiyo inayofanywa ovyo.

Walinganishe walio sawa kwanza

Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba nyepesi. Watahiniwa ni 800, yaani 400 wa shule za mjini na 400 wa vijijini. Swali la 12 la Hisabati lilipatwa na watoto 264 wa mjini, sawa na asilimia 66, na 198 wa vijijini, sawa na asilimia 49.5. Pengo ni asilimia 16.5. Kikaoni mmoja atasema swali linawaonea watoto wa vijijini, mwingine atasema watoto wa vijijini hawasomi. Wote wawili wamesema kabla ya wakati.

Wagawe watahiniwa wote katika ngazi tatu kwa kufuata alama zao za mtihani mzima. Ngazi ya chini ina watoto 80 wa mjini na 200 wa vijijini. Ngazi ya kati ina 160 wa mjini na 140 wa vijijini. Ngazi ya juu ina 160 wa mjini na 60 wa vijijini. Sasa litazame swali la 12 ndani ya kila ngazi. Chini, walipata 24 wa mjini na 60 wa vijijini: asilimia 30 kila upande. Kati, 96 na 84: asilimia 60 kila upande. Juu, 144 na 54: asilimia 90 kila upande. Mtoto wa kijijini na wa mjini wenye alama zinazolingana wana nafasi ile ile ya kulipata. Swali halina ila. Pengo lote limetoka kwenye wingi wa watoto wa vijijini walio ngazi ya chini. Hilo ni jambo zito, lakini ni la uhaba wa walimu na vitabu, na la umbali wa kwenda shule, na ukilifuta swali la 12 hujamsaidia mtoto hata mmoja.

Nenda swali la 19. Mjini walipata 216, asilimia 54. Vijijini 212, asilimia 53. Kikaoni hakuna atakayelitaja. Lakini ndani ya ngazi, chini walipata 24 wa mjini kati ya 80 na 80 wa vijijini kati ya 200, yaani asilimia 30 kwa 40. Kati, 80 kwa 84, asilimia 50 kwa 60. Juu, 112 kwa 48, asilimia 70 kwa 80. Kila unapopima, mtoto wa mjini yuko nyuma ya mwenzake wanayelingana alama kwa asilimia 10. Hili ndilo swali la kuitiwa jopo, nalo lilikuwa limejificha nyuma ya asilimia zinazokaribiana.

Marekani walilijifunza hili mahakamani. Mwaka 1976 kampuni ya bima ya Golden Rule iliishtaki ETS, taasisi kubwa ya kutunga mitihani, pamoja na mamlaka ya jimbo la Illinois, kuhusu mtihani wa leseni za mawakala wa bima. Shauri likaisha kwa maafikiano mwaka 1984: maswali ya kupendelewa yawe yale ambayo pengo kati ya asilimia ya Weupe na ya Weusi waliopata jibu halizidi 15. Nia ilikuwa njema. Ila kwa kanuni hiyo swali letu la 12, lisilo na kosa, lingewekwa kando, na swali la 19 lingepita. Wataalamu wa upimaji walipinga kwa sababu hiyo, na mwaka 1987 rais wa ETS, Gregory Anrig, akasema hadharani kwamba maafikiano yale yalikuwa kosa.

Hesabu yenyewe

Ukitaka namba moja kwa kila swali, tumia njia ambayo Nathan Mantel na William Haenszel waliiandika mwaka 1959 kwa ajili ya utafiti wa magonjwa, na ambayo Paul Holland na Dorothy Thayer wa ETS waliihamishia kwenye mitihani miaka ya 1980. Kwa kila ngazi, zidisha idadi ya waliopata wa mjini kwa waliokosa wa vijijini, kisha gawanya kwa watahiniwa wote wa ngazi hiyo. Halafu zidisha waliokosa wa mjini kwa waliopata wa vijijini, ugawanye vivyo hivyo. Jumlisha majibu ya kwanza ya ngazi zote, jumlisha na ya pili, kisha gawanya jumla ya kwanza kwa ya pili. Kwa swali la 19 utapata 31.33 na 48.87, na uwiano ni 0.64. Uwiano wa 1 maana yake swali linawatendea sawa. Ukishuka chini ya 1, swali linawaelemea wa mjini. Ukipanda juu ya 1, linawaelemea wa vijijini.

ETS huchukua logi asilia ya uwiano huo na kuizidisha kwa hasi 2.35. Kwa swali la 19 utapata 1.05. Bila kujali alama ya hasi au chanya, matokeo yaliyo chini ya 1 hayawashughulishi, kati ya 1 na 1.5 huangaliwa, na 1.5 kwenda juu swali husimamishwa hadi lichunguzwe, mradi iwe imethibitika kwamba tofauti si ya bahati tu. Jedwali la Excel linatosha kwa kazi hii.

Mambo matatu yatakuponza usipoyazingatia. Kwanza, idadi. Usifanye hesabu hii kwa darasa moja lenye watoto 45. Unganisha shule za kata kadhaa hadi kundi dogo lifike angalau mia mbili hivi, na ukiwa na wengi ongeza ngazi ziwe tano au zaidi. Pili, alama unazotumia kupanga ngazi zimechanganyika na maswali yale yale unayoyashuku. Baada ya hesabu ya kwanza, toa maswali yaliyoonyesha tofauti kubwa kwenye jumla ya alama, panga ngazi upya, rudia hesabu. Tatu, kuna swali linalowaelemea wa mjini wa ngazi ya chini na kuwaelemea wa vijijini wa ngazi ya juu. Ukijumlisha, pande mbili zinafutana na uwiano unatoka 1. Usiache kuzipitia asilimia za kila ngazi kwa macho yako.

Lipo na moja ambalo hesabu haiwezi kabisa. Mtihani mzima ukiwa umeegemea upande mmoja, kila swali kwa kiasi kile kile, njia hii haitaona kitu, kwa sababu kipimo cha usawa kimetoka ndani ya mtihani huo huo. Hapo unahitaji ushahidi wa nje: kazi za darasani, mazoezi ya vitendo, mtihani wa mwaka uliofuata.

Uliza swali linadai nini cha pili

Swali la Hisabati linadai hisabati, na linadai kitu kingine pia: kusoma sentensi, kujua bei za dukani, kuona mchoro, kumaliza kwa wakati. Makundi mawili yenye hisabati sawa yakitofautiana katika kitu hicho cha pili, yataachana kwenye swali hilo. Huo ndio mzizi wa jambo zima. Louis Roussos na William Stout waliueleza vizuri mwaka 1996 walipotenganisha aina mbili za hicho cha pili: kile ambacho mtunzi alikusudia kukipima, na kile kilichojipenyeza tu.

Chukua swali la Jiografia kuhusu kupwa na kujaa kwa maji. Mtoto wa Pangani au Mkoani Pemba ameliona bamvua kabla hajaanza shule. Mtoto wa Manyoni amelisoma kwenye kitabu. Kwa alama sawa za Jiografia, wa pwani atalipata zaidi. Je, swali libadilishwe? Kama mada imo kwenye muhtasari wa somo, hapana. Linapima Jiografia, na mtoto wa Manyoni ana haki ya kufundishwa bahari kama wa Pangani alivyo na haki ya kufundishwa ukame. Lakini maji kupwa na kujaa yakitumiwa kama hadithi ya swali la kutoa na kujumlisha kwenye Hisabati, habari imegeuka: bahari haikukusudiwa kupimwa pale, imejipenyeza.

Kwa hiyo, kabla hujatafuta kosa, andika kwa sentensi moja swali lilikusudia kupima nini. Nimekaa na wajumbe waliobishana saa nzima juu ya swali, kumbe kila mmoja alikuwa na jibu lake kuhusu kilichokusudiwa. Sentensi hiyo iandikwe siku swali linapotungwa, si siku linapolalamikiwa.

Mfano wa saa

Nitaukalia mfano huu kwa sababu unafundisha zaidi ya mwingine wowote ninaoujua katika shule zetu. Hisabati ya darasa la saba nchini Tanzania hutungwa kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kwa shule za mchepuo wa Kiingereza. Maswali ya karatasi zote mbili ni yale yale. Sasa soma hili: basi liliondoka Morogoro saa 2:30 usiku, andika muda huo kwa mtindo wa saa 24.

Mtoto wa karatasi ya Kiingereza anakuta muda umeandikwa kwa saa za Kizungu, saa nane na nusu baada ya adhuhuri kwa hesabu yao. Anaongeza 12, anaandika 2030. Mtoto wa karatasi ya Kiswahili ana 2:30 mkononi na lazima aongeze 18, au aongeze 6 kisha 12. Basi likiondoka saa 8:15 usiku, tofauti inakuwa kubwa zaidi: wa Kiingereza anaiona 2:15 na kuinakili kuwa 0215 bila hesabu yoyote, wa Kiswahili lazima atoe 6. Alama ni ile ile, kazi si ile ile. Na katika majibu ya kuchagua, ukiweka 1430 kuwa kipotoshi, yaani jibu la uongo, utamnasa mtoto wa Kiswahili aliyeongeza 12 kama alivyoona kwenye mfano wa kitabu. Wa karatasi ya Kiingereza hana njia ya kufika 1430, kwa kuwa hakuiona 2:30 popote.

Hadi hapa maelezo yanaridhisha, na hapo ndipo majopo mengi huacha. Usiache. Maelezo yanayoridhisha hayajawa kweli bado. Jiulize: kama sababu ni mfumo wa saa, ni swali gani jingine lingepaswa kuelemea upande wa pili? Lipo. Fundi alifanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Alifanya kazi kwa muda gani? Kwa Kiswahili ni 10 kutoa 3, jibu saa 7. Kwa Kiingereza ni kutoka 9 ya asubuhi hadi 4 ya alasiri. Namba zimevuka adhuhuri, na mtoto anayetoa 4 kwenye 9 anapata 5 na kukosa. Saa zetu za mchana huanza kuhesabiwa macheo, kwa hiyo kazi ya mchana mzima huhesabika moja kwa moja. Kwenye swali hili wa Kiswahili ndiye anayetarajiwa kuwa mbele.

Sasa una kitu cha kupima. Tafuta maswali ya muda katika mitihani ya miaka iliyopita ya wilaya yako, yagawe mafungu mawili, ya kugeuza kuwa saa 24 na ya urefu wa kazi ya mchana, kisha kokotoa uwiano kwa kila fungu. Mafungu yakielekea pande mbili tofauti kama ulivyotabiri, una sababu. Yote yakielekea upande mmoja, sababu si saa, na ilikuwa heri umejua kabla hujaandika ripoti. Labda ni kwamba shule za upande mmoja hazikuifikia mada ya muda.

Dawa ya swali lenyewe ni rahisi mno: kama unapima hesabu ya muda, toa muda wa mtindo wa saa 24 katika karatasi zote mbili. Kama unapima kugeuza, basi uchague saa za asubuhi na usiku kwa kujua kila upande unafanya hatua ngapi.

Washukiwa wengine

Lugha ndiyo mshukiwa wa kwanza sekondari, ambako masomo mengi Tanzania yanafanywa kwa Kiingereza na watoto wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili. Walimu hukimbilia kulaumu istilahi za sayansi. Zichunguze, lakini istilahi ndizo zilizofundishwa na kuandikwa ubaoni. Mara nyingi kinachomwangusha mtoto ni muundo wa swali: kukanusha mara mbili, sentensi ndani ya sentensi, kiunganishi kisichotumika darasani. Jamal Abedi na Carol Lord walilijaribu hili Marekani katika utafiti waliouchapisha mwaka 2001. Walichukua maswali ya hisabati ya tathmini ya taifa, wakayaandika upya kwa sentensi nyepesi bila kugusa hesabu. Alama zilipanda, kwa kiasi kidogo lakini cha kweli. Kumbuka pia kwamba lugha haimuonei mgeni siku zote. Alicia Schmitt alionyesha mwaka 1988 kwamba katika SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, maneno ya Kiingereza yenye ndugu katika Kihispania yaliwanufaisha watahiniwa wa asili ya Kihispania. Ukiona kundi ulilolidhania nyonge liko mbele, nalo linahitaji maelezo.

Vipotoshi vichunguzwe kimoja kimoja. Mara nyingi swali lenyewe ni zuri, na tatizo ni jibu la uongo ambalo kwa kundi moja lina ukweli wake. Ukitunga zoezi moja la Kiswahili kwa shule za Namanga, upande wa Tanzania na upande wa Kenya, na ukaweka swali la ukoo linalomtaja bibi ya Juma, wa upande mmoja atamfikiria mama wa mzazi wake na wa upande wa pili atamfikiria mke. Kila mmoja atachagua jibu lililo sahihi kwao. Njia ya kuligundua ni kuhesabu, ndani ya kila ngazi, watoto wangapi wa kila kundi walichagua A, B, C na D. Makosa yakitawanyika sawa pande zote mbili, tafuta kwingine. Kundi moja likirundikana kwenye kipotoshi kimoja, hapo ndipo pa kuchimba. Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania hupanga asilimia za kila chaguo. Nakili mtindo huo, ila utenganishe makundi.

Nafasi ya swali kwenye karatasi husahaulika. Maswali ya mwisho huonekana kuwaelemea wasomaji wa pole pole, na ukitazama utakuta hawakuyakosa, hawakuyafikia. Tenganisha kukosa na kuacha wazi kabla hujakokotoa chochote. Mtoto aliyeacha maswali matano ya mwisho mfululizo anakuambia habari ya muda, si ya mada.

Michoro ni suala la wasioona na wenye uoni hafifu. Karatasi ya nukta nundu au ya maandishi makubwa inaweza kuwa na maneno yote ya swali na bado mchoro wa mzunguko wa umeme ukawa kazi tofauti kabisa chini ya vidole. Kwa kuwa watahiniwa hawa ni wachache, hesabu ya ngazi haitafaa kitu. Hapa keti nao. Mwalimu wa elimu maalumu na watoto watatu watakueleza mengi kuliko jedwali lolote.

Kisha kuna kutofundishwa. Mada haikufikiwa, maabara haipo, mwalimu wa Fizikia alihamishwa mwezi wa tatu na hakuletwa mwingine. Swali litaonyesha tofauti kubwa, na litakuwa linasema kweli tupu. Usilifute. Likifutwa, ushahidi umefutwa pamoja nalo, na mwakani watoto wa shule zile watakosa mada ile ile bila mtu kujua. Tofauti ya aina hii iende kwa afisa taaluma na mdhibiti ubora wa shule ikiwa na majina ya mada, ili mada ifundishwe.

Pima maelezo yako kabla hujayaamini

Binadamu akipewa swali lenye tofauti hakosi la kusema. Mwonyeshe kwamba swali linawaelemea wasichana, atakutajia mpira uliomo kwenye swali. Mwambie umekosea, linawaelemea wavulana, atakutajia soko lililomo kwenye swali hilo hilo. Tafiti za Marekani zilizowaweka wataalamu kutabiri kwa kusoma tu ni maswali gani yataonyesha tofauti zilikuta kwamba utabiri wao na hesabu havikupatana vizuri. Hivyo tenga kazi mbili: wajumbe wasome maswali na kuandika shaka zao kabla ya kuona namba, na namba zikokotolewe na mtu ambaye hakuziona shaka hizo. Kinachotajwa na pande zote mbili kipewe kipaumbele.

Baada ya hapo una njia tatu nzuri za kupima. Ya kwanza tumeiona kwenye saa: tabiri swali jingine litakavyokuwa, kisha ulitazame. Ya pili ni kuwasikiliza watoto. Chukua sita au wanane wa kila kundi, wenye alama zinazokaribiana, uwape swali mmoja mmoja na umwambie kila mtu aseme kwa sauti anachowaza anapolifanya. Usimsaidie, usimkosoe, usitikise kichwa. Uliza tu: hapo umeelewa nini? Mtoto akifika kwenye neno akasita, andika neno. Akisoma vizuri na kukwama kwenye kugawanya, andika hivyo. Fanya kwa lugha anayoiwaza, hata kama karatasi ni ya Kiingereza. Mtoto anayejitahidi kukujibu kwa Kiingereza atakueleza kile anachoweza kukitamka na kuacha alichokiwaza.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na shule yoyote inaiweza. Andika matoleo mawili ya swali, yanayotofautiana kwa kile tu unachokishuku. Sentensi ndefu dhidi ya fupi, hadithi ya boti dhidi ya hadithi ya baiskeli, kipotoshi cha zamani dhidi ya kipya. Yagawe kwa kupokezana darasani, dawati hili toleo la kwanza, lile la pili, katika shule za makundi yote mawili. Tofauti ikipungua kwenye toleo jipya, shaka yako ilikuwa sahihi. Isipopungua, shaka yako ilikuwa ya bure, hata kama kila mtu mezani aliiunga mkono. Na ubadilishe kitu kimoja kwa mara moja. Nimeona matoleo ambayo sentensi ilifupishwa, namba zikabadilishwa na mchoro ukaongezwa kwa pamoja. Swali likawa jepesi kwa wote, na hakuna aliyejua nini kimefanya kazi.

Chunga pia namna unavyoyataja makundi. Mjini na kijijini, wavulana na wasichana ni majina ya orodha, hayaelezi kitu. Mtoto hakosi swali kwa kuwa wa kijijini. Anakosa kwa sababu hakuwahi kusoma habari iliyoandikwa kwa safu mbili, au kwa kuwa nyumbani wanaongea Kisukuma na Kiswahili amekianza shuleni, au kwa kuwa kitabu ni kimoja kwa watoto saba. Ripoti ikiishia kwenye jina la kundi, haijaeleza sababu. Ukiweza, kusanya habari ndogo wakati wa mtihani: lugha ya nyumbani, kama mtoto ana kitabu cha somo, kama mada ilifundishwa. Kisha lipange kundi upya kwa habari hizo. Mara nyingi tofauti ya mjini na kijijini itayeyuka, na itatokea nyingine, ya vitabu au ya lugha, ambayo unaweza kuishughulikia.

Kuamua

Swali likiwa na tofauti na sababu imethibitika kuwa ni kitu kilichojipenyeza, na matokeo hayajatangazwa, lisihesabiwe, na alama zikokotolewe kwa maswali yaliyobaki kwa watahiniwa wote. Usiwape kundi moja alama za nyongeza. Utaanzisha dhuluma ya pili kufidia ya kwanza. Kama matokeo yameshatoka, liandike upya na lijaribiwe kabla ya kurudi kwenye benki ya maswali.

Sababu ikiwa ni kitu kilichokusudiwa, swali libaki. Lakini tazama karatasi nzima: maswali manne ya bahari na hakuna hata moja la nyika au la ziwa, mizani imeharibika ingawa kila swali peke yake ni halali. Hilo husahihishwa kwenye jedwali la kutungia, kabla hata swali moja halijaandikwa.

Sababu isipopatikana, na itatokea mara nyingi, usibuni. Swali liwekwe kando, liandikiwe kadi, lijaribiwe tena mwaka unaofuata kwa watahiniwa wengine. Tofauti nyingine zitatoweka zenyewe kwa sababu zilikuwa za bahati. Zitakazorudi zitakuja na jirani, swali la pili au la tatu lenye tabia ile ile, na ukiyaweka pamoja yataanza kufanana kwa kitu ambacho swali moja lisingeweza kukuonyesha.

Kwenye kadi ya kila swali andika haya: lilikusudia kupima nini, asilimia za kila ngazi kwa kila kundi, mgawanyo wa vipotoshi, shaka ya jopo kabla ya namba, jaribio lililofanywa, na uamuzi. Tia tarehe na saini za wajumbe. Mjumbe mpya akifika mwakani akabidhiwe kadi hizo kabla hajaruhusiwa kutunga swali lake la kwanza.